Rejista Niliyoifunga kwa Heshima

Ninyi vijana mnaoshika funguo za rezerve ya maktaba sasa, kaeni kwanza. Mi nimemaliza kazi, sina haraka tena, na ninyi kazi yenu ni kusoma. Someni basi.

Siku mliponiaga mliniomba niandike miaka yangu ya kazini. Mambo ya nani alipanda cheo na nani alinuniwa, tafuteni katika mafaili, yapo na vumbi lake. Mimi naandika kazi yenyewe. Na zaidi ya yote naandika habari ya rejista moja niliyoiharibu kwa mikono yangu, na muuguzi mmoja ambaye nusura aikose kazi yake kwa sababu yangu, na kwa sababu ya mdomo wangu uliofungwa wakati ulipotakiwa kufunguka. Vitabu vizuri mtavijua wenyewe. Makosa hakuna wa kuwaonyesha, maana waliokosea hustaafu kimya.

Kiswahili changu ni cha Goma. Shule nilifika mwaka wa tatu wa msingi, upande ule wa Kongo, halafu baba akasema inatosha. Madamu Filomena, aliyekuwa mkuu wetu wa maktaba, yeye alirudi kutoka Tanzania na Kiswahili kilichopigwa pasi, akaninyoosha kidogo kidogo. Palipobaki mikunjo, mvumilie.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Chuo kilikuwa kichanga, majengo machache juu ya mji wa Gisenyi, ziwa unaliona chini ukisimama barazani. Niliajiriwa kufagia. Siku ya kwanza Madamu alinipa ufunguo, ufagio na ndoo, akasema, "Mama Dativa, chumba cha mwisho. Fagia, lakini usitupe hata kipande kimoja cha karatasi." Nikawaza, nitafagiaje bila kutupa? Nikafungua. Kuku wa mlinzi alikuwa amelalia mayai ndani ya sanduku la magazeti, akaniangalia kama mimi ndiye mgeni. Na kweli mimi ndiye nilikuwa mgeni.

Chumba hicho ndicho walichokiita rezerve, yaani mahali pa vitabu visivyoazimwa: vya zamani, vya nadra, karatasi za watu na za shule zilizokufa. Siku ile hakikuwa na jina hilo usoni. Vitabu vilirundikwa mpaka dirishani. Wakati wa vita watu walilala mle. Vitabu vingine vilikuwa mito, vingine viti, na vingine majivu yao yalikuwa bado kwenye kona. Sisemi kwa kulaumu. Mtu mwenye mtoto na baridi hana deni kwa kitabu cha Kilatini. Baadaye karatasi za ofisi na za shule zilizofungwa zililetwa kwetu kwa lori, zikamwagwa sakafuni kama viazi.

Nikachukua kitambaa na maji ya sabuni nikaanza kuosha kitabu kikubwa cha ngozi. Nilikuwa nimeshaosha viwili na kuvipendezesha, mzee mmoja akasimama mlangoni. Huyo alikuwa Mzee Anastazi, mfunga vitabu, mtu wa Nyundo, aliyefundishwa kazi hiyo na mapadri akiwa kijana.

"We mama, unafanya nini?"

"Naosha."

"Hii ni ngozi. Unaoshaka ngozi na sabuni?"

"Ya viatu naosha."

"Bon. Njo maana viatu yako iko vile."

Niliangalia viatu vyangu. Alisema kweli. Vile vitabu viwili bado viko kwenye rafu ya chini, ngozi imepasuka kama kisigino cha mkulima. Sikuruhusu viondolewe. Anayeanza kazi na avione.

Mzee Anastazi ndiye aliyenifundisha. Hakuwa na maneno mengi, na machache aliyokuwa nayo yalikuwa na miiba. Vifaa vyetu havikutoka dukani. Cha kukunjia karatasi kilikuwa ubavu wa ng'ombe, tuliusugua kwenye jiwe mpaka ukawa laini kama sabuni. Brashi ya vumbi ilikuwa brashi ya kunyolea ndevu. Gundi tulipika kwa unga wa ngano, kidogo kidogo, ya siku ile tu, kwa sababu ikilala panya wanaijua kabla yako. Vizito vya kukandamizia vilikuwa mawe meusi ya volkano, na kwa kuwa yale mawe yanakwaruza, kila jiwe nililishonea nguo ya kitenge. Wageni wa Ulaya waliokuja kusoma walicheka kuona mawe yamevaa. Halafu waliomba kuyapiga picha. Dhidi ya wadudu tulitumia maua ya pareto yaliyokaushwa na kusagwa, tukiyaweka katika vifuko nyuma ya vitabu. Msiyaweke ndani ya kitabu. Na mkitoka kuyasaga, osheni uso, msijifanye mashujaa.

Kesi moja ngumu ya mwanzo niwaambie, maana alama zake mnaziona kila siku. Karibu na mpaka kulikuwa na mama muuza mandazi. Mzee Anastazi alikuwa na desturi ya kusoma karatasi kabla ya kula kilichofungwa ndani yake. Siku moja alikuja na andazi mkono huu na karatasi mkono ule, uso umebadilika. Ilikuwa picha ya ua, imechorwa kwa mkono na kutiwa rangi, ukurasa wa kitabu chetu kikubwa cha mimea ya milima ya volkano. Tukaenda wawili.

"Mama, hii karatasi umetosha wapi?" akauliza.

"Mandazi iko muzuri ama haiko muzuri?"

"Iko muzuri."

"Donc kula, papa. Karatasi haikuwe chakula."

Tulirudi kesho yake na mzigo wa magazeti ya zamani yaliyokuwa nakala tatu tatu, tukabadilishana kilo kwa kilo kwenye mizani ya jirani yake muuza maharage. Alitukubalia huku akinung'unika kwamba wino wa gazeti unachafua mandazi, karatasi ya kitabu ni safi zaidi. Hoja alikuwa nayo. Tulirudisha kurasa thelathini na moja. Nyingine zina mafuta, ukizinyanyua mwanga unapita kama dirishani. Nimeona mmoja wenu ameandika kwenye fishi, ile kadi ya kitabu hicho, "doa lisilojulikana". Linajulikana. Ni la mandazi. Rekebisheni.

Sasa nifike kwenye rejista.

Mvua za itumba, yaani masika, zilikuja nzito mwaka ule. Mzee Anastazi alikuwa amekwenda Nyundo kumzika ndugu yake, na Madamu alikuwa Kigali kwa mkutano. Bati la rezerve lilikuwa na tundu. Msiniulize tundu la nini. Miaka ile mabati mengi ya Gisenyi yalikuwa na matundu. Asubuhi nilipofungua nilikuta maji yamedondoka usiku mzima juu ya rundo moja, rejista saba za shule ya wauguzi iliyokuwa ya masista, ambayo ilikuwa imeshafungwa. Sita zilikuwa za dawa na za chakula cha wanafunzi. Ya saba, yenye mgongo mwekundu, ilikuwa ya waliomaliza. Kila ukurasa mtu mmoja: picha imebandikwa juu, chini jina, jina la baba, parokia, alama za mitihani, na sahihi ya mkuu wa shule.

Zote zilikuwa zimelowa chapachapa. Mtu wa kumuuliza sikuwa naye. Nikafanya ambalo mwanamke yeyote wa kando ya ziwa hili angefanya: nikaenda kwa jirani yangu anayekausha sambaza, wale dagaa wa ziwa, nikaazima mikeka yake, nikaitandika nyuma ya jengo. Rejista sita nikazisimamisha, kurasa zimeachana kama kanga aliyenyoosha mabawa juani. Zinanuka samaki mpaka leo, lakini zilikauka.

Ya saba nikaifungua vilevile. Nikaona nyuso. Wasichana wenye kofia nyeupe, wamejikaza mbele ya kamera. Wawili niliwatambua. Mmoja nilijua amekufa, na nilijua alikufaje. Na pale nyuma ya jengo ndiyo njia ya wafanyakazi wote, na ya wapita njia wanaokata kwenda sokoni. Miaka ile kila mtu alikuwa na mtu anayemtafuta. Mimi nilivyolelewa, sura ya marehemu haitandikwi nje kama samaki, watu wakipita na mizigo yao wakinyoosha vidole. Nikaifunga ile rejista. Nikaizungushia kitenge safi, nikaweka jiwe juu yake, nikaiacha ikauke hivyo, imefungwa, kwa heshima.

Siku ya tatu nilipoifungua haikufunguka. Lilikuwa tofali. Niligonga kwa kidole ikalia kama ubao. Picha za zamani zina utando ambao ukilowa unakuwa gundi. Na kila uso ulikuwa umelaliwa na ukurasa wa mwenzake. Sikulijua hilo. Ninyi sasa mnalijua, hamna udhuru.

Nikaificha nyuma ya marundo ya magazeti ya serikali, mahali ambapo hakuna mtu anaweka mkono.

Mzee Anastazi aliporudi aliuliza, "Mvua ilileta hasara?"

"Rejista sita zililowa. Nimezikausha."

"Muzuri," akasema. Ya saba sikuitaja.

Wiki hiyohiyo akaja Venansia. Alitoka Busasamana kwa miguu, mwanamke wa makamo, mwembamba, amefunga kitambaa kichwani vizuri, viatu amevifuta mlangoni kabla ya kuingia. Alikuwa amesoma katika shule ile ya masista. Akaolewa Masisi, upande wa Kongo, akatibu watu kule miaka mingi, nyumba ikaungua na diploma ndani yake, akarudi Rwanda na watoto na masufuria mawili. Sasa kituo cha afya cha kwao kilitaka muuguzi. Ofisi ya afya ya mjini ilimwambia alete uthibitisho kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo jina lake litawekwa kwenye orodha ya wafagiaji. Kufagia si aibu, mimi nimefagia. Lakini anayejua kuzalisha akipewa ufagio, wanaokufa ni wengine.

"Aksanti kunipokea, mama," akasema. "Natafuta jina langu. Masera, sista wetu, alikuwa anabandika picha ya kila mutu na kuandika chini. Rejista kubwa, mugongo mwekundu."

Ilikuwa nyuma yangu, hatua tatu.

"Bado hatujapanga bintu yote," nikamwambia. "Urudi Jumatano."

Hakubisha. Alitoa viazi vitano katika mfuko wake akaviweka juu ya meza, kwa sababu nilimpokea vizuri, ndivyo alivyosema. Jioni nilivipika. Watoto walisema vitamu.

Jumatano akarudi na mvua. Viatu alikuwa amevishika mkononi. Nikamwambia tena, "Bado."

Akasema, "Mama, kama haiko, uniambie haiko. Mutu analiaka, anamaliza, anatafuta ingine. Lakini 'bado' yako inanirudisha kwa ile njia, na unajua ile njia iko namna gani siku hizi."

Nilijua. Watu wote walijua. Wiki ile tu walikuwa wamezikwa watu waliokutwa wameuawa njiani kule.

"Bado," nikasema mara ya tatu, kama kuku. Akatoka.

Mzee Anastazi alikuwa kwenye meza yake anapaka gundi. Hakuinua kichwa.

"Rejista ya mugongo mwekundu," akasema. "Ule mugongo nilishona mimi, ningali kijana, masera amesimama hapa ananiambia haraka. Iko wapi?"

Niliitoa. Aliigonga kwa kidole kama nilivyoigonga mimi.

"Ulikausha imefungwa."

"Ndiyo, muzee."

"Zile zingine ulifungua. Hii ulifunga ju ya nini?"

"Ju ya sura za watu. Haikufaa zibaki inje."

Alikaa akiishika. Nilingoja miiba yake. Akasema tu, "Sura inataka heshima, ni kweli. Lakini gundi haijui heshima." Halafu akapiga meza. "Unasimama nini? Kimbia, umurudishe yule mama!"

Nilimkuta kwenye geti. Nikamwambia yote palepale, mvua ikitunyeshea, mlinzi akisikiliza bila aibu. Nilidhani atanipiga. Alinitazama kama watu wa hospitali wanavyomtazama mtu, kutoka juu mpaka chini.

"Ye baba we," akasema. "Ningekuwa mugonjwa wako, ningekuwa nimeshakufa." Akavaa viatu vyake, akarudi nami ndani.

Madamu Filomena, aliyekuwa amesharudi kutoka Kigali, akaitwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza neno moja: "Kwa nini nalisikia leo?" Hakungoja jibu.

Mzee Anastazi akaeleza. Picha zilizogandana huweza kuachana katika maji baridi. Ya moto yanaziyeyusha kabisa. Lakini wino je? Wino mweusi wa zamani hushika. Wa bluu hukimbia. Hatukujua ndani mna upi.

"Masera aliandika na mweusi," Venansia akasema. "Mukubwa wa shule alikuwa anasaini na bluu."

"Kwa hiyo tukiiloweka tunaweza kupoteza," Madamu akasema, "na tusipoiloweka tumeshapoteza. Mzee, unaonaje?"

"Mi naona huyu mama aseme. Ukurasa ni yake."

Venansia alipitisha kidole ukingoni mwa lile tofali. "Kuna kurasa tupu mwishoni," akasema. "Mikono ijifunze kwa zile. Nami nitashika mwenyewe. Bandeji iliyogandana na kidonda haivutwi. Inaloweshwa, inangojewa, inajiachia."

Mzee Anastazi akampa kijiti chake cha mwanzi kilichochongwa bapa, ambacho mimi sikuwahi kuruhusiwa kukigusa.

Tulifanya kazi siku mbili, mchana, karibu na dirisha. Sinia la maji yaliyochemshwa yakapoa, mashuka ya zamani yaliyofuliwa bila sabuni ya kunukia, na sisi watatu. Venansia aliingiza mwanzi kwenye kona, akangoja, akasukuma upana wa ukucha, akangoja. Nilikuwa napokea ukurasa kwenye shuka, uso ukitazama juu. Kila ulipotoka alitaja.

"Huyu Speransia. Mwizi wa sukari."

"Ya masera?" Mzee Anastazi akauliza.

"Ya masera, ya padri, ya wagonjwa. Sukari haikumupita." Akasukuma. "Huyu aliogopaka damu. Siku ya kwanza alianguka, sisi tukaacha mugonjwa tukamutibu yeye." Akasukuma tena. "Huyu hayuko." Akaendelea.

Sahihi za bluu ziliondoka. Ziliinuka kutoka kwenye karatasi majini kama moshi, ukitazama tu. Maandishi meusi yalibaki. Nyuso nyingi zilipona. Kumi na moja hazikupona; zilibaki zimeshika mgongo wa ukurasa wa mwenzao, vipande vipande. Namba hiyo naikumbuka bila kuangalia daftari.

Ukurasa wa Venansia ulifunguka siku ya pili, karibu na saa sita. Kofia ilikuwepo, na jicho moja, na nusu ya kipaji cha uso. Chini yake uso ulikuwa umekwenda. Jina lilikuwepo. Jina la baba, parokia, alama zote, kwa mwandiko wa masera, mweusi. Sahihi ya mkuu haikuwepo tena. Venansia alisoma alama zake moja moja, midomo ikicheza.

"Anatomia nilikuwa wa pili," akasema.

Kisha tukaanza kuona lilipo tatizo. Madamu alilisema: ofisi itapokea ukurasa usio na uso wala sahihi, na swali la kwanza litakuwa nani amefuta. Chuo lazima kiandike barua ya kueleza, na barua lazima iwe na mtu aliyeona kwa macho yake.

"Andika mvua," Mzee Anastazi akasema. "Si uongo. Mvua ilinyesha."

Alinipenda yule mzee, nilijua siku ile. Lakini Madamu alikuwa ananitazama, na Venansia alikuwa anatazama sakafu.

"Mvua ililowesha saba," nikasema. "Sita zimepona. Nipeni karatasi."

Madamu alitaka kunisomea maneno niyaandike. Nikakataa. Niliandika kwa mwandiko wangu wa mwaka wa tatu: kwamba mimi, mfagiaji wa maktaba, niliikausha rejista ikiwa imefungwa, picha zikagandana, kwamba niliificha, nikamdanganya mwenye kuitafuta mara tatu, kwamba ilipofunguliwa kwa maji sahihi ziliondoka mbele ya macho yangu, na kabla ya hapo hakuna aliyezifuta. Madamu alisoma, kalamu nyekundu mkononi, yeye ambaye alirekebisha hata salamu zetu. Hakugusa neno. Akaandika barua ya chuo na kuiambatanisha na yangu.

Tukaenda mjini, mimi na Venansia, rejista nimeibeba mgongoni ndani ya kitenge kama mtoto. Zilikuwa zimebaki siku tatu mwezi uishe. Pale ofisini kijana mwenye zamu alisoma barua ya Madamu, halafu yangu, halafu yangu tena.

"Wewe ndiye umeandika hii?"

"Njo mimi."

"Unajua nikiipeleka kwa wakubwa wako unaweza kupoteza kazi?"

"Wakubwa wangu wameshaisoma. Wewe maliza ya huyu mama kwanza."

Alifungua rejista. Alimtazama Venansia, akatazama lile jicho moja na kile kipaji. Akatazama kurasa za mbele na za nyuma, mwandiko uleule.

"Mama," akaniambia, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "hapa kila karatasi inayokosekana imeliwa na vita. Kila siku. Hata ya mtu ambaye hakuwahi kuingia darasani imeliwa na vita. Hii kwa nini haikuliwa na vita?"

"Kwa sababu haikuliwa na vita. Niliikausha vibaya."

Akavuta muhuri. Alimwuliza Venansia maswali matano au sita ya kazi, mambo ya homa na ya kondo la nyuma, naye alijibu amesimama wima kama siku ya mtihani. Akapiga muhuri.

Nje Venansia aliikunja karatasi yake mara nne, akaitia kifuani. Nikamwambia, "Unisamehe, mama." Akasema, "Unikaushie vizuri wale wengine." Akaenda zake Busasamana. Alifanya kazi kituoni kwao miaka mingi, na tulipokutana sokoni tulisalimiana vizuri. Neno la kusamehe hakulisema, nami sikulidai.

Madamu hakunifukuza. Alinipa daftari jipya na kalamu nyeusi, akaniambia ninakili rejista yote, mtu kwa mtu, alama kwa alama, na nitakaposhindwa kusoma nisibuni. Ilinichukua miezi. Hivyo ndivyo mfagiaji alivyojifunza kazi ya rezerve. Nakala ile iko rafu ya juu, mwandiko mbaya, lakini kamili. Kwa picha zilizolowa: fungua, kivulini, uso juu, shuka jeupe kati, na kama hutaki wapita njia wazione, funga mlango wa chumba, usifunge kitabu.

Siku ile ya muhuri nilifika nyumbani maharage yakiwa tayari. Watoto wangu, watoto wa dada yangu, mama mkwe, wote wameshakaa. Ni mimi niliyekuwa namwagia watu maji ya kunawa. Nilishika jagi na sikumwaga. Walinyoosha mikono, wakangoja. Kwa wiki mbili nilikuwa nimekaa nao hapo, huku nimeificha rejista, nikanawa na kula. Nikawaeleza niliyoyafanya, yote. Kisha nikasema:

"Kuanzia leo, mu hii nyumba, mutu akiharibu kintu aseme kabla sijamumwagia maji. Mutoto, mutu mukubwa, mimi mwenyewe. Hajasema, asinawe. Hajanawa, asikule."